Mjomba, Nisome Lugha Gani?

Basi wasomaji wangu, Ijumaa moja baada ya sala nilipita kwa dada yangu kule Kibokoni, kama ilivyo desturi yangu. Kwake huingii ukatoka na njaa. Nikawekewa biriani, nikala, nikawekewa chai ya tangawizi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba siku ile chakula kilikuwa na sababu. Dada alitoka chumbani na bahasha ya kaki akaiweka mezani mbele yangu. Ndani mlikuwa na shilingi 60,000, zamu yake ya mchezo aliyoingojea mwaka mzima. Kando ya bahasha akaweka karatasi ya rangi ya chuo kimoja cha kompyuta hapa mjini, ambacho sitakitaja.

Karatasi ile iliahidi lugha kumi na moja za kuandika programu kwa miezi sita: C, C++, C#, Java, JavaScript, PHP, Python, Ruby, Kotlin, Swift na R. Nilizihesabu mara mbili. Lugha kumi na moja kwa miezi sita! Ni kama kumpeleka mtoto madrasa Jumatatu ukataka awe amehifadhi msahafu Alhamisi.

Mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mkononi, anajifanya hasikii. Alifanya KCSE, akapata alama nzuri, matokeo yakatoka Januari, na chuo kikuu ni mpaka Septemba. Hiyo miezi ya katikati ndiyo inayowatia wazazi wengi kiwewe, nao wenye vyuo wanalijua hilo vizuri sana.

"Mjomba," akaniuliza, "nisome lugha gani?"

Na mamake akadakia: "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Tusipokuuliza wewe tumuulize nani?"

Nikanywa chai. Nikanywa tena. Sikuwa na jawabu, au tuseme nilikuwa nalo lakini lilinikwama kooni, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kuulizwa mwaka 2008 na nikalijibu haraka.

Mwaka 2008 nilikuwa najiona bingwa. Shuleni nilisoma Turbo Pascal (mnaikumbuka ile skrini ya buluu?), kisha nikajifunza Visual Basic 6 katika chuo cha ghorofani, Digo Road, ngazi za giza, kompyuta moja wanafunzi watatu. Kufikia mwaka huo maduka matatu ya leso pale Biashara Street yalikuwa yanatumia programu yangu. Ilikuwa inahesabu mali, inatoa risiti, na inaweka madeni. Nilikuwa nikitembea Biashara Street naamkiwa. Basi akaja binamu yangu, mwana wa mama mdogo, ametoka kidato cha nne, akaniuliza asome nini. "Visual Basic," nikamwambia, hata mate sijameza. Mama mdogo akauza bangili mbili za dhahabu, binamu akalipiwa mwaka mzima.

Nilichokuwa sikijui, au sikutaka kukijua, ni hiki. Visual Basic 6 ilitoka 1998 na ilikuwa ya mwisho katika ukoo wake. Mwaka 2002 Microsoft ilileta VB.NET, yenye jina karibu lile lile lakini mwili mwengine kabisa. Programu ya zamani hukuweza kuihamisha vivi hivi bila kuiandika upya sehemu nyingi. Na Aprili 2008 wakaacha rasmi kuhudumia chombo cha kuandikia VB6. Mwezi ule ule binamu yangu alikuwa kwenye foleni ya benki na karo mkononi.

Nitajitetea kidogo. Wakati ule intaneti ya Mombasa ilikuwa ya setilaiti, saiba ni shilingi moja kwa dakika, na ukurasa mmoja ukifunguka umeshakunywa soda. Vitabu vyetu vilikuwa vya fotokopi, programu ni za CD za kupeana. Habari za dunia zilitufikia zimechacha. Lakini huo ni utetezi tu. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiniambia kuhusu .NET, nami nikiwaona wanajidai.

Juni 2009 kebo ya TEAMS ikatua Mombasa kutoka Fujairah, na Julai SEACOM ikawashwa. Sikwambii kila kitu kilibadilika siku ile, maana bei zilichukua muda kushuka, lakini wateja walianza kuuliza maswali mapya. Nitaionaje hesabu ya duka nikiwa Dubai? Mnaweza kunitengenezea tovuti? Mimi nilijifunza PHP kwa miezi minne kwa sababu nilikuwa na wateja walionivumilia. Mmoja nilimuomba radhi mara tatu katika wiki moja. Binamu yangu hakuwa na mteja wa kumvumilia, alikuwa na cheti. Alibisha milango kuanzia Moi Avenue mpaka maofisi ya kutoa mizigo kule Kilindini, na kila alipoingia waliulizia kitu ambacho hakusomeshwa. Mwaka 2011 akaenda Doha. Yuko ghalani, anahesabu makatoni. Hajawahi kunilaumu hata neno moja, na kila Idi hunipigia simu. Sasa mnaelewa kwa nini chai ile ilikuwa haishuki.

Hapa kuna jambo linalonichekesha na kuniuma pamoja. Ile programu yangu ya VB6 haikufa 2008. Duka moja kati ya yale matatu liliitumia mpaka 2023! Windows mpya bado zinaendesha programu za VB6. Kilichoiondoa ni KRA, walipoleta eTIMS na kila ankara ikatakiwa ipite kwao kwa njia ya mtandao, na kuanzia Januari 2024 mfanyabiashara asiye na ankara ya namna hiyo gharama yake haihesabiwi katika kodi. Hapo mwenye duka akanipigia simu. Kwa hiyo ukiniuliza kama Visual Basic ilikuwa lugha mbovu nitakwambia hapana, ilimlisha mwenye duka na kunilisha mimi miaka kumi na mitano. Ila kuna lugha zinazoendelea kufanya kazi na kuna lugha zinazoendelea kutafutiwa watu, na mtu anayeuza bangili anahitaji hii ya pili. Mimi nilimpa ya kwanza.

Nilipokuwa naiandika upya ile programu kwa Python nilifungua faili za zamani, nikakaa kuzitazama. Zile skrini zenye vitufe vya kijivu hazikunifaa kitu. Msimbo wote wa VB (wengine husema kodi, lakini mimi nikisikia kodi moyo unakwenda KRA) niliutupa. FoxPro niliyoifanyia kazi katika ofisi moja ya kutoa mizigo nilikuwa nimeshaisahau. Microsoft ilitangaza 2007 kwamba haitatoa toleo jengine, na kazi yenyewe ikapungua mizigo ilipoanza kupakiwa SGR kwenda kutolewa Embakasi, kuanzia 2018. Rais mpya alipoamuru Septemba 2022 kwamba mizigo irudi kutolewa Mombasa, wengi wa wale niliowaandikia programu walikuwa washafunga. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokinakili kutoka programu ya zamani hadi mpya karibu neno kwa neno, na hicho ni maswali ya SQL. Nani anadaiwa, tangu lini, kiasi gani. Mwaka 2005 niliyauliza kwa Access, 2010 nikayauliza kwa MySQL, 2023 nikayauliza kwa PostgreSQL. Herufi chache zilibadilika, basi. SQL ilizaliwa katika maabara za IBM mwaka 1974, ni kubwa kwangu kiumri, na wakati wote huo mimi nilikuwa sihesabu kama ni lugha. Hata ile karatasi ya chuo yenye lugha kumi na moja haikuitaja.

Nikamwambia mpwa wangu, "Wacha karatasi hiyo. Leta laptopu yako." (Shuleni huiita kipakatalishi, na kompyuta ni tarakilishi. Mtihani ukisha hulisikii tena neno hilo Kibokoni nzima.)

Ilikuwa mashine ya mtumba iliyotoka Uingereza, RAM ni GB 4, diski ya zamani inayokoroma. Kwa mashine ile Kotlin imeshajitoa yenyewe. Si kwamba ni mbaya. Google iliikubali kwa Android mwaka 2017 na 2019 ikaipa nafasi ya mbele, na anayetaka kutengeneza programu za simu hana budi kuijua, au aende Flutter na lugha yake ya Dart. Lakini Android Studio yenyewe inataka angalau GB 8, na kwa GB 4 ukiifungua unaweza kwenda kununua mabuyu Marikiti ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Swift nayo, kwa programu za simu za Apple, inataka mashine ya Apple. Hii ni hesabu ambayo orodha za ulimwengu haziifanyi. TIOBE iliiweka Python ya kwanza Oktoba 2021, sawa, lakini TIOBE haijui laptopu ya mpwa wangu ina RAM ngapi, wala haijui bando lake linakwisha tarehe ngapi.

Nikamuuliza la pili: ukikwama saa nne za usiku, utamuuliza nani? Akafikiri. Shuleni kwao kuna mwalimu anayejua Python kidogo (KICD iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa Kodris Africa wa kufundisha kuandika programu, nao ni wa Python). Marafiki wawili wanakwenda Swahilipot Hub, pale karibu na Ngome, wanaandika JavaScript. Na mimi ninajua PHP, Python na JavaScript, na Java ninaijua kwa kuonana nayo njiani. Rust na Go? Hamjui hata mmoja. Basi nikamwambia hizo zina thamani yake ila tuziweke juu ya kabati kwa sasa.

Kuna mzee mmoja jirani yao, anauza halua na achari tangu mimi ni mtoto wa kanzu fupi. Mzee huyu anazungumza Kimvita, Kiarabu, Kikachi, Kisomali, na Kiingereza cha kuuzia watalii. Hakuna hata moja aliyoisomea kwa cheti. Kikachi alikipata kwa sababu maduka ya jumla aliyokuwa akichukulia mali yalikuwa ya Wakachi, na ukikosa kuelewa wanachonong'onezana kuhusu bei umekwisha. Kisomali kilimjia na wateja baadaye. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakujifunza Kifaransa, nao Wafaransa walikuwa wakipita kwake sana. Akanijibu, "Wafaransa hupita. Hawakopi." Nilicheka, kisha nikaona amesema jambo. Mtu anayekukopa atarudi, na lugha yake utaizungumza kila wiki.

Kwa hiyo swali langu la tatu lilikuwa: unataka kumtengenezea nani kitu? Hapo mpwa hakufikiri hata kidogo. "Mama," akasema. Dada yangu anapika mahamri na mbaazi kila asubuhi, na Ramadhani hupokea oda za kaimati, sambusa na viazi karai mpaka jikoni hapapitiki. Oda huja kwa WhatsApp, kwa simu, kwa watoto wanaotumwa, na kwa sauti kutoka dirisha la jirani. Malipo huja M-Pesa, taslimu, au hayaji. Vyote viko katika madaftari manne, moja limemwagikiwa samli.

Hapo nikapata raha. Kazi ya namna hiyo ninaijua.

Niliwahi kuifanya katika enzi za taabu. Kabla ya Daraja, ile njia ya Safaricom ya 2017 inayoruhusu programu yako izungumze na M-Pesa kwa JSON, sisi wadogo tulikuwa tunachomeka modemu yenye laini ndani yake kwenye kompyuta, programu inasoma ujumbe wa SMS wa malipo, inatafuta jina, inatafuta kiasi, inaandika katika hifadhidata. Neno moja la ujumbe likibadilika programu yangu ililala, na mwenye duka ananipigia saa kumi na mbili asubuhi. Leo unaweza kuzungumza na Daraja kwa PHP, Python, JavaScript, Java, hata kwa lugha ambayo bado haijazaliwa, maadamu inajua kutuma ombi la HTTP. Hilo ni jambo kubwa kwa anayechagua lugha. Zamani ulichagua lugha kulingana na milango inayofungua. Siku hizi milango mingi inapokea lugha yoyote, na ugumu umehamia kwenye kile unachotaka kusema ukishaingia.

Wanaonijua watauliza, na Java je? Niliwahi kuitukana Java hapa na pale, na ninaomba msamaha nusu. Waliosema ni ya mabenki tu hawakutazama hospitali. OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ni Java. DHIS2, ambayo Kenya iliichukua kwa takwimu za afya nchi nzima mwaka 2011, ni Java. Ukitaka ajira ya kudumu yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, Java haijamtupa mtu. PHP nayo watu huifanyia masihara, lakini Ushahidi, iliyozaliwa Kenya katika machafuko ya mwanzo wa 2008, jukwaa lake liliandikwa kwa PHP na likatumika dunia nzima. Nusu yangu nyengine ya kiburi imebaki: sitaki kufungua Java usiku.

Tukarudi kwenye mkeka. Mpwa akaniambia amesikia habari za Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili. Nikamwambia naijua, ni kazi ya vijana wa Afrika Mashariki na yenyewe imeandikwa kwa Go. Tukaipakua, tukaandika:

fanya deni = 300
kama (deni > 0) {
andika("Anadaiwa")
} sivyo {
andika("Amelipa")
}

Dada yangu alikuwa anapita na sinia. Akasimama nyuma yetu, akainama, akasoma kwa sauti ndogo, kidole kikifuata mistari. "Kama deni limezidi sufuri, andika anadaiwa. Sivyo, andika amelipa." Akanyamaza kidogo. "Hii ndiyo kazi unayoifanya miaka yote hii?" Nikamwambia ndiyo, dada. "Nami nilidhani ni hesabu za Kizungu." Akaweka sinia chini, akakaa.

Nimeandika programu kwa zaidi ya miaka ishirini na dada yangu ndiye aliyenilea mama alipofariki, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusoma kazi yangu akaielewa. Sitaki kusema mengi hapo. Je, ningemwambia alipe 60,000 kwa ajili ya Nuru? La. Hakuna atakayemwajiri mtoto kwa Nuru mwaka huu, na hakuna maktaba za kutosha za kuunganishia. Lakini kama una mtoto wa miaka kumi na Kiingereza kinamzuia mlangoni, mfungulie Nuru jioni moja. Gharama yake ni bando tu.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo nimelichelewesha miaka mingi. Nilimpigia binamu yangu Doha, nikamweleza bahasha, karatasi, swali. Kisha nikamwambia kuhusu 2008, kwamba nilimjibu kwa haraka na kwa kiburi na bangili za mama mdogo zikaenda. Akakaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

"Bangili nilimnunulia nyengine 2013," akasema. "Mazito kuliko yale. Wewe ndiye umebaki na hesabu hiyo peke yako." Kisha akaniuliza kama ile risiti ya duka la leso bado inakata herufi ya mwisho ya jina la mteja, maana sehemu ile ndiye aliyeiandika yeye, alipokuwa akijifunza. Nikamwambia ilikata mpaka 2023. Akacheka sana. Kabla ya kukata simu akasema, "Mwambie mtoto asinunue cheti kabla hajapata mtu wa kumsumbua."

Basi mwisho wa maneno, nilimshauri hivi. SQL kwanza, kwa SQLite, ambayo haihitaji seva, iko bure, na imo ndani ya kila simu ya Android. Pamoja nayo Python, kwa sababu mwalimu yupo, mjomba yupo, na laptopu inaiweza. JavaScript baada ya hapo, siku atakapotaka wateja wa mamake wajaze oda wenyewe. Mengine yote Septemba na kuendelea. Katika ile bahasha tukatoa za kuongeza RAM na kubadilisha diski, na za bando la miezi mitatu. Iliyobaki, ambayo ni zaidi ya nusu, ikarudi chumbani. Dada hakufurahi sana. Karatasi ya chuo ina mhuri na mimi sina, na nilimuona anaikunja vizuri badala ya kuitupa. Inawezekana nimekosea tena, na safari hii nimekosea mtaa mmoja nao, hakuna Doha ya kunificha.

Baada ya wiki tatu mpwa akanijia na tatizo. Madaftari yote manne yamekwisha kuingizwa, majedwali matatu: wateja, oda, malipo. Rafiki zake walimwambia anajisumbua bure, siku hizi akili mnemba inaandika kila kitu, tangu ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022 hakuna haja ya kusoma. Akaiuliza: nipe orodha ya wanaodaiwa. Ikampa swali la SQL safi, limepangwa, lina na maelezo. Akaliendesha, akapata watu tisa. Akamsomea mamake. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yule wa sambusa za harusi?"

Hayumo.

Mpwa akaliangalia lile swali usiku mzima. Lilijumlisha oda za kila mteja, likajumlisha malipo ya kila mteja, kisha likaviunganisha kwa JOIN. Sasa JOIN ya kawaida huchukua tu wale wenye mstari pande zote mbili. Mtu ambaye hajawahi kulipa hata shilingi moja hana mstari upande wa malipo, kwa hiyo anatoweka. Yaani orodha ya wadaiwa ilikuwa imewasamehe wadaiwa wakubwa wote na kuwaacha wale wanaojitahidi! Kosa lile mimi nilishawahi kulifanya kwa mikono yangu mwenyewe, duka la pili, 2006, na mwenye duka akaligundua kabla yangu.

Sikumwambia jawabu. Nilimwambia asome kuhusu LEFT JOIN akalale. Kesho yake akanipigia: wamerudi, lakini deni lao linaonekana tupu, halina namba. Nikamwambia hapo ndipo NULL ilipo, ukitoa kisichojulikana katika mia unabaki na kisichojulikana, sasa kaitafute COALESCE. Akakata simu bila hata kuaga, nami nikafurahi, maana hivyo ndivyo anavyofanya mtu aliyeona njia.

Jumapili saa tano asubuhi nilipofika, orodha ilikuwa imechapishwa na imebandikwa jikoni juu ya mtungi wa gesi. Watu kumi na saba, mkubwa wao juu kabisa. Dada alikuwa mbele ya kioo anafunga buibui, mkoba begani.

"Mahamri yako chini ya kawa," akaniambia. "Mimi nakwenda Kuze kwa huyu wa kwanza, nikachelewa atatoka."